Usianze na Paneli: Mwongozo Kamili wa Kusanifu Hospitali Rafiki wa Mazingira kwa Kuwafuata Wanaoitumia

Ukiingia wodini saa nne usiku katika hospitali nyingi za ukanda wetu wa joto, kinachokupokea kwanza ni fukuto. Madirisha yote yamefungwa, feni mbili kati ya nne zinazunguka, na mgonjwa anayekohoa pembeni anawakoholea wenzake thelathini. Juu ya paa hilo hilo paneli za jua zimepangwa vizuri, na kwenye ripoti ya mradi jengo linaitwa la kijani.

Niliwahi kumuuliza muuguzi wa zamu katika wodi ya namna hiyo kwa nini amefunga madirisha. Akanitazama kwa huruma kidogo. "Kaka, wewe unalala hapa leo tu." Kisha akanihesabia: mbu, vibaka wanaopenyeza mkono na kuchukua simu za wagonjwa, baridi ya alfajiri, ambayo wazee hawaiwezi, na mvua ya kusi inayolowesha vitanda viwili vya mwisho. Sababu nne, zote za kweli, na kila moja ina dawa yake ya ujenzi. Ilitakiwa tu mtu amuulize kabla msingi haujachimbwa.

Mwongozo huu ni wa kamati za ujenzi, waganga wafawidhi, wahandisi wa halmashauri, parokia na misikiti inayojenga zahanati, na yeyote aliyekabidhiwa ramani na fedha, awe anajenga kwa mkandarasi au kwa fosi akaunti, yaani kusimamia ujenzi mwenyewe kwa mafundi wa kukodi. Mifano mingi ni ya Tanzania ninayoijua. Mfano mkubwa ni wa hospitali ya Butaro, kaskazini mwa Rwanda, kwa kuwa hapo ndipo hoja ya watumiaji na hoja ya mazingira zilipokutana katika jengo moja na kusimama.

Hatua ya 1: Lala wodini

Kabla ya kumwita msanifu majengo, chagua watu watatu wa kamati wakae saa 24 katika hospitali iliyopo au ya jirani, kwa ruhusa ya mganga mfawidhi. Usiku usirukwe. Kila mmoja awe na daftari na achague mtu mmoja wa kumfuata: muuguzi, mfanya usafi, ndugu wa mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe usimfuate. Kaa naye akikubali, msikilize.

Andika vitu vinavyohesabika. Muuguzi ametembea mara ngapi kwenda kwenye sinki? Choo kiko hatua ngapi kutoka kitanda cha mbali kabisa, na njiani kuna taa? Dirisha lipi limefunguliwa, saa ngapi, na nani amelifunga? Nguo zilizofuliwa zimeanikwa wapi? (Mara nyingi ni kwenye maua ya bustani. Maua hayo yalikuwa kwenye ramani, kamba ya kuanikia haikuwepo.) Ndugu wamelala wapi, na chakula kimepikwa kwa moto gani?

Daftari hizo tatu zitaokoa fedha nyingi kuliko ushauri wowote utakaoununua baadaye.

Hatua ya 2: Waorodheshe wasiokuja kwenye vikao

Kwenye kikao cha ujenzi utamkuta mganga mfawidhi, mhandisi, diwani na mfadhili. Orodha yako ianze na wasiokuwepo.

Ndugu wa wagonjwa. Kwetu mgonjwa hapelekwi hospitali peke yake. Mama mdogo yuko nje na chupa ya uji, kaka anakimbilia dirisha la dawa, bibi amekuja na kanga na beseni. Jengo lisipowapa mahali, watapafanya wenyewe: watapika kwa mkaa nyuma ya maabara, watalala koridoni. Wape banda lenye majiko sanifu au gesi, maji, kamba za kuanikia na vyoo vyao, na umepunguza moshi, mkaa na msongamano wa wodini kwa mara moja.

Mama anayejifungua. Anataka stara, mahali pa kutembea uchungu ukiwa unapanda, na nafasi ya mtu wake mmoja. Anataka choo kilicho karibu chenye kishikio ukutani. Muulize pia choo cha namna gani. Wajawazito wengi wa miezi ya mwisho wanashindwa kuchuchumaa, wakati wagonjwa wengine hawataki kukaa mahali alipokaa mwingine. Weka aina zote mbili.

Wanaotoka mbali nao wafikirie. Kasungu, Malawi, kijiji cha kusubiria kujifungua kilijengwa kwa matofali ya udongo ulioshindiliwa, nyumba ndogo ndogo zikizunguka nyua, kama ua wa nyumbani ulivyo. Wajawazito wanakaa nje kwenye vivuli wakizungumza, na aliyekwisha kuzaa anamfundisha anayesubiri. Jengo lile halina kiyoyozi na halikihitaji.

Mfanya usafi. Yeye ndiye anayejua sakafu ipi inateleza ikilowa na kona ipi haifikiwi na ufagio. Mwulize kuhusu vigae na atakujibu kwa dakika kumi. Terazo na kona za mviringo kati ya sakafu na ukuta zinasafishwa kwa maji na dawa kidogo, na zinadumu miongo.

Fundi wa matengenezo. Kama hospitali haina fundi, andika hivyo hivyo, kisha uondoe kwenye mpango kila kifaa kinachomhitaji kila wiki.

Na marehemu, na waliokuja kumchukua. Chumba cha maiti kinawekwa mwisho wa kiwanja na kusahauliwa. Kwa jamii zetu, hasa za pwani, kinahitaji nafasi ya kuoshea yenye maji ya kutosha na mifereji, kivuli cha kusubiria, na geti lake la pembeni, ili jeneza lisipite mbele ya wodi ya watoto.

Hatua ya 3: Soma kiwanja kabla ya greda kufika

Weka alama ya rangi kwenye kila mti mkubwa na uandike kwenye mkataba kwamba hautakatwa. Mwarobaini wa miaka ishirini ni chumba cha kusubiri ambacho hakuna bajeti itakayokijenga ndani ya mwaka mmoja.

Kisha jua. Tanzania iko kusini ya ikweta lakini karibu nayo, hivyo jua la mchana linapita juu: Dar es Salaam liko upande wa kaskazini sehemu kubwa ya mwaka, na upande wa kusini kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi. Jua hilo la juu unalizuia kwa upenu wa kawaida. Linalosumbua ni la asubuhi na la saa kumi jioni, linaloingia chini ya upenu wowote. Kwa hiyo jengo liwe refu kutoka mashariki kwenda magharibi, madirisha yatazame kaskazini na kusini, na kuta fupi za mashariki na magharibi zibebe stoo, ngazi na vyoo. Ukigeuza jengo kwa sababu barabara iko upande fulani, utalipa kosa hilo kwa umeme kila mwezi.

Upepo unahitaji ubishi zaidi. Pwani tuna kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi hivi, na kusi sehemu kubwa ya mwaka iliyobaki. Wasanifu wanaoleta ramani ya mshale mmoja wa upepo hawajawahi kuuliza mvuvi. Waulize wazee wa hapo upepo unatoka wapi masika, wapi kiangazi, na usiku unageuka vipi. Kwa mwambao wa Dar pepo zote mbili kuu zinakuja na upande wa mashariki ndani yake, na jambo hilo litatusaidia tutakapofika kwenye taka.

Bara ni mambo mengine. Wodi ya Makete au Njombe inahitaji kuhifadhi joto usiku. Ile ya Kilwa inahitaji kulifukuza. Ramani moja haiwezi kutumika sehemu zote mbili bila kubadilishwa, hata kama imepigwa muhuri. Kama umepewa ramani sanifu, omba ruhusa ya kubadilisha angalau mambo matatu: mwelekeo wa jengo, ukubwa wa madirisha, na urefu wa upenu. Ni maombi ambayo mhandisi yeyote anaweza kuyatetea kwa ukurasa mmoja.

Hatua ya 4: Hesabu hewa kwa penseli

Mwaka 2006 ilitangazwa habari ya Tugela Ferry, KwaZulu-Natal, Afrika Kusini: wagonjwa 53 wa kifua kikuu sugu kupita kiasi, na 52 kati yao walikufa. Kulazwa hospitalini kulitajwa miongoni mwa njia walizoambukizwa. Watu walikuja kutafuta uzima, jengo likawapa ugonjwa. Waliosanifu Butaro, kundi la MASS Design Group wakifanya kazi na Wizara ya Afya ya Rwanda na shirika la afya la Partners In Health, walianzia kwenye hofu hiyo. Walifuta koridoni za ndani ambako wagonjwa husongamana wakisubiri, wakazitoa nje kuwa baraza. Dari zikapanda, madirisha yakakaa pande zote mbili, feni kubwa za taratibu zikasukuma hewa, na taa za urujuanimno zikawekwa juu kuua vijidudu vinavyopanda na hewa.

Mwaka uliofuata, 2007, utafiti wa Lima, Peru, ulipima vyumba 70 katika hospitali nane. Madirisha na milango ikifunguliwa, hewa ilibadilishwa kwa wastani wa mara 28 kwa saa. Vyumba vyenye mitambo ya hewa vilikadiriwa mara 12. Lakini kilichonifurahisha ni hiki: majengo ya kabla ya 1950, yenye dari ndefu na madirisha makubwa, yalifikia 40, na yale ya miaka ya 1970 hadi 1990 yakaishia 17. Majengo mapya yalishindwa na ya zamani. Atakayepita Ocean Road, Dar es Salaam, aangalie hospitali iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1897, baraza zake pana na dari zake, ataelewa mara moja.

Sasa hesabu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2009, linataka lita 60 za hewa kwa sekunde kwa kila mgonjwa katika wodi ya kawaida, na 160 katika chumba cha magonjwa yanayoambukiza kwa hewa. Kanuni ya kukadiria ni fupi: zidisha 0.65 kwa kasi ya upepo (mita kwa sekunde) kwa eneo la uwazi lililo dogo zaidi kati ya pande mbili (mita za mraba). Jibu ni mita za ujazo za hewa kwa sekunde.

Chukua wodi ya vitanda 20. Inahitaji lita 1,200 kwa sekunde, yaani mita za ujazo 1.2. Upepo ukiwa mdogo, nusu mita kwa sekunde, uwazi wa mita za mraba 4 kila upande unakupa 0.65 × 0.5 × 4 = 1.3. Umevuka kwa unywele.

Lakini hizo mita 4 ni za uwazi wa kweli, na hapa ndipo wengi wanajidanganya. Dirisha la aluminiamu la kusukuma, linalopendwa sana siku hizi, hufunguka nusu tu. Fremu ya mita 4 inakupa 2. Wavu wa mbu nao unakula sehemu kubwa ya upepo, na ukijaa vumbi unazidi. Luva za vioo za zamani, au dirisha la bawaba, hufunguka karibu lote. Kwa hiyo ukiweka ya kusukuma pamoja na wavu, panga fremu mara tatu au nne ya hesabu. Au acha ya kusukuma.

Rudi sasa kwa yule muuguzi na sababu zake nne. Kwa mbu: nyavu zilizo kwenye fremu za kuchomoka, zioshwe kila mwezi. Kwa vibaka: nondo ambazo mkono haupiti, na kabati la kufuli kila kitanda. Kwa mvua: upenu wa mita 1.2 au zaidi, na kitanda cha mwisho kisogezwe. Kwa baridi: matundu ya kudumu juu ya madirisha, karibu na dari, yasiyofungika, ili hata madirisha ya chini yakifungwa alfajiri hewa chafu iliyopanda itoke bila kumpiga mzee kifuani.

Chumba cha upasuaji kinafuata sheria nyingine: hewa iliyochujwa, madirisha yamefungwa, mtambo. Vivyo hivyo stoo ya dawa na mashine za maabara zinahitaji ubaridi wa uhakika. Ukiokoa umeme wodini, utakuwa nao wa kutosha hapo. Na mahali pa kutolea makohozi pawe nje kabisa, chini ya kivuli, mbali na foleni. Hakuna chumba kitakachoshinda uwanja.

Hatua ya 5: Kitanda kitazame nini?

Lala chali kitandani, kisha mwambie mwenzako apime urefu wa jicho lako kutoka sakafuni. Mara nyingi ni chini kidogo ya mita moja. Kizingiti cha dirisha kikiwa mita 1.2, mgonjwa ataona mbingu na nyaya za umeme. Kikiwa 0.7 ataona mti, mtoto anayepita, mvua inayokuja. Mwaka 1984 Roger Ulrich wa Marekani alichapisha ulinganisho wa wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo Pennsylvania: waliotazama miti waliruhusiwa mapema, siku 7.96 kwa wastani dhidi ya 8.70 za waliotazama ukuta wa matofali, na walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache zaidi. Idadi ni ndogo, lakini dirisha halina madhara na bei yake ni ile ile.

Butaro walifanya jambo ambalo kila muuguzi analielewa haraka: badala ya vichwa vya vitanda kuegemea ukuta wa nje na macho ya wagonjwa kukutana katikati, walijenga ukuta mfupi katikati ya wodi, vichwa vikaegemea hapo, na kila mgonjwa akatazama nje, kwenye milima ya Burera. Mgonjwa hamkoholei mwenzake usoni. Na katika kituo cha afya cha Laongo, Burkina Faso, msanifu Francis Kéré aliweka madirisha kwa kimo tofauti: ya anayesimama, ya anayekaa, na ya anayelala, pamoja na mtoto.

Hatua ya 6: Chora hospitali kwa chokaa

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na gharama yake ni mifuko michache ya chokaa. Tafuta uwanja wa mpira. Chora vyumba muhimu kwa vipimo halisi: leba, wodi, mapokezi, dirisha la dawa. Leta vitanda vya kweli, machela, meza. Waite wakunga, wafanya usafi, mtu wa kiti cha magurudumu, bibi mmoja mwenye miwani mizito. Wape kazi: mama ametokwa na damu nyingi, mpeleke chumba cha upasuaji.

Katika zoezi moja la namna hii nililoshiriki, wakunga walihamisha mlango wa leba ndani ya dakika tano, kwa kuburuza mguu kwenye chokaa. Kwenye karatasi ramani ile ile ilikuwa imepita vikao vitatu bila neno. Watu wengi hawasomi ramani, lakini kila mtu anaweza kutembea ndani ya chumba.

Pima hapo hapo: koridoni ya mita 2.4 ili machela mbili zipishane; mteremko usiozidi 1 kwa 12, tena uwe mpole zaidi kwa machela yenye mtu mzito; mlango wa choo unaofunguka nje, ili aliyeanguka ndani afikiwe. Alama za njia ziwe picha na rangi, pamoja na maandishi.

Hatua ya 7: Kuta na paa

Saruji inachangia kati ya asilimia 7 na 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Huwezi kuikwepa kwenye msingi na nguzo, lakini ukutani unaweza kuipunguza. Matofali ya kufungamana, ya udongo ulioshindiliwa kwa mashine na saruji kidogo, hayachomwi. Matofali ya kuchoma yanaonekana ya asili, ila kila tanuri ni rundo la magogo. Uliza kuni zilitoka wapi. Entebbe, Uganda, hospitali ya upasuaji wa watoto iliyosanifiwa na ofisi ya msanifu Renzo Piano na kufunguliwa mwaka 2021 ina kuta nene za udongo ulioshindiliwa, na paa lenye paneli zaidi ya 2,000 juu yake. Angalia mpangilio: ukuta unaotuliza joto kwanza, paneli baadaye.

Butaro walitumia mawe ya volkano ambayo wakulima waliyaona kero mashambani. Mafundi waliyachonga wakiwa wanajifunza, na ukuta wa mwisho ukawa mzuri kuliko wa mwanzo. Msingi ulichimbwa kwa mikono, na maelfu ya wakazi wakalipwa katika ujenzi ule. Huyo ni mtumiaji mwingine wa hospitali: aliyeijenga, ambaye kesho atamleta mwanawe pale na atajua jiwe lipi aliliweka yeye.

Bati liwe la rangi nyepesi, lenye dari na nafasi ya hewa katikati. Bila dari, mvua ya masika ikipiga, daktari hasikii kitu kwenye kifaa chake cha kusikiliza kifua. Ukibomoa jengo la zamani lenye paa la asbesto, simama. Tafuta wataalamu wenye kibali, usiruhusu vipande vigawiwe majirani wakaezekee mabanda ya kuku.

Hatua ya 8: Maji

Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 800 Dar es Salaam, mvua ikiwa kama milimita 1,100 kwa mwaka, ukitoa moja ya tano inayopotea, linakupa takriban lita 704,000. Wagonjwa 40 waliolazwa, kwa lita 50 kila mmoja kwa siku, wanahitaji lita 730,000 kwa mwaka. Karibu sawa! Mshike mkono mfadhili kabla hajashangilia: mvua inakuja masika na vuli, na ili uvuke siku 120 za kiangazi unahitaji tangi la lita 240,000. Dodoma, kwenye milimita 570 hivi, paa hilo hilo linatoa nusu. Kwa hiyo maji ya paa yapangie vyoo, kufua na bustani, tangi liwe la wiki tatu au nne, na kisima au bomba libebe kunywa na upasuaji.

Maji yaliyotumika, yakishapita kwenye tangi la maji taka, yanaweza kusafishwa kwenye bwawa la changarawe lililopandwa matete. Halihitaji umeme. Linahitaji mtu wa kufyeka.

Hatua ya 9: Sasa, paneli

Baada ya hatua nane mzigo wa umeme umepungua, na mfumo utakaonunua ni mdogo. Andika kila kifaa, wati zake, saa zake. Mashine ya oksijeni ya lita 5, yenye wati 350, ikifanya kazi usiku na mchana inakula uniti 8.4. Hizo ni sawa na taa 75 na ushei za LED za wati 9 zikiwaka saa 12. Kwa hiyo ugomvi wa taa ni mdogo. Zungumzia oksijeni, majokofu, viyoyozi na vifaa vya kuchemshia. Kila kilowati ya paneli kwetu huzalisha uniti 4 hadi 5 kwa siku.

Tenga waya wa vifaa vya lazima: leba, upasuaji, oksijeni, maabara. Jokofu la chanjo, linalotakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, lipewe paneli yake. Yapo yanayoendeshwa na jua moja kwa moja bila betri. Na weka sehemu ya kuchajia simu, wazi, yenye soketi nyingi. Usipoiweka, mtu atachomoa jokofu achaji simu ampigie kaka yake habari za mgonjwa, na huwezi kumlaumu.

Betri za asidi hudumu miaka mitatu hadi mitano. Fungua akaunti ya betri siku ya uzinduzi, wakati mheshimiwa bado yuko jukwaani.

Hatua ya 10: Taka

Takriban asilimia 85 ya taka za hospitali ni za kawaida, kama za nyumbani. 15 tu ndizo hatari. Zikichanganywa, zote zinakuwa hatari na zote zinachomwa. Mapipa yakae pale mkono ulipo: sefti boksi (boksi gumu la sindano zilizotumika) kwenye toroli la sindano, pipa la kawaida mlangoni. Muuguzi hatatembea hatua kumi na tano kwa ajili ya karatasi ya plasta.

Ukiweza, takasa taka za maambukizi kwa mvuke kwenye otoklevu badala ya kuzichoma. Plastiki za klorini zikichomwa kwa moto hafifu hutoa daioksini, kemikali ya sumu. Kama kichomea hakiepukiki, kiwekwe mbali na jiko na wodi, na kwa mwambao wa Dar kiwe magharibi ya majengo, kwa kuwa kaskazi na kusi zote zitapeleka moshi huko. Lakini angalia kwanza nani anaishi magharibi. Na usichome usiku, upepo wa nchi kavu ukirudi baharini utakuletea moshi wodini. Shimo la kondo liwe mita 50 kutoka kisima, na chini yake libaki mita 1.5 au zaidi juu ya maji ya ardhini.

Hatua ya 11: Rudi baada ya miezi 12

Andika kwenye mkataba wa msanifu kwamba atarudi mara mbili: mwezi wa tatu na wa kumi na mbili, mara moja usiku. Aje na daftari zile tatu za hatua ya kwanza. Ahesabu madirisha yaliyofunguliwa saa nne usiku. Amuulize muuguzi kuhusu yaliyofungwa, na fungu dogo la marekebisho liwe limebaki, maana lazima kutakuwa na moja: wavu uliotoboka, komeo lililo juu mno kwa mtu mfupi, taa ya nje inayompiga mgonjwa machoni. Mara ya mwisho niliporudi namna hii lilikuwa komeo. Fundi alilishusha sentimita 20, na wodi nzima ikaanza kufungua.